Mapori ya akiba hayako chini ya TANAPA

Wapo wanaosema kuwa askari wanaofanya doria katika mapori ya akiba ya Tanzania ni wa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Hapana, askari hao ni wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. TANAPA wao husimamia hifadhi za taifa. Tofauti hiyo si ya sare tu, kwani katika hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi, ilhali katika pori la akiba uwindaji wa kitalii hufanyika kwa kibali, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Nadhani mkanganyiko unatokana na Selous, pori la akiba ambalo mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, huku iliyobaki ikiendelea kuwa pori la akiba, na wengi wetu bado tunaiita yote kwa jina la zamani.

Kazi yenyewe ya ulinzi, hata hivyo, inafanana pande zote mbili: askari hutembea kwa miguu wakikagua mapito ya wanyama yaelekeayo kwenye maji, kwa sababu ndiko majangili hutega vitanzi vya waya, kimoja kimefungwa kwenye shina na kuning'inizwa usawa wa shingo ya swala, kikiwa chembamba kiasi kwamba mtu aliye ndani ya gari hawezi kukiona.

Ngorongoro msiiingize humu; ina mamlaka yake.