Laptopu Ikichemka, Usianze na Bisibisi

Fundi mgeni akiona laptopu ya zamani inachemka, mkono wake hukimbilia bisibisi. Ngoja kwanza. Bila vipimo vya kabla, hutajua kama kazi yako imesaidia au imeharibu, wala hutajua joto limekwama wapi kati ya prosesa na tundu la kutolea hewa.

Weka programu ya kusoma vihisi, HWiNFO kwenye Windows au lm-sensors kwenye Linux, kisha ipe mashine mzigo mzito kwa dakika 15. Andika nyuzijoto za juu kabisa, kasi ya prosesa mwishoni mwa jaribio, kasi ya feni, na joto la chumba. Hilo la mwisho husahauliwa sana, na jaribio la chumba chenye nyuzi 22 halilingani na la nyuzi 31. Kasi nayo usiipuuze. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo baada ya matengenezo mazuri unaweza kukuta joto limebaki palepale ila kasi imepanda. Hayo ni mafanikio.

Sasa tazama joto linavyopanda. Likiruka hadi 95 ndani ya sekunde mbili na kushuka upesi vilevile mzigo ukiondoka, prosesa haigusani vizuri na bamba la shaba: pesti (krimu ya kupitisha joto kati yake na bamba) imekauka au skrubu zimelegea. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa, hewa ndiyo haipiti. Weka kiganja kwenye tundu pia. Prosesa ikiungua huku feni inapuliza kwa nguvu hewa vuguvugu tu, joto halifiki kwenye mapezi (vipande vyembamba vya chuma karibu na tundu), na hapo bomba la joto lenyewe, linalobeba joto kutoka kwenye bamba hadi kwenye mapezi, linaweza kuwa limekufa.

Kabla ya kugusa chochote ndani, toa chaja, chomoa betri, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake. Skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa kava la juu.

Vumbi linaloziba huwa haliko mahali unapoliona. Hujisuka kama blanketi kati ya feni na mapezi, na ukipuliza kutoka nje unalirudisha tu ndani ya feni. Fungua kifuniko cha feni, ling'oe kwa kibano, kisha pulizia mapezi huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Feni inayokwaruza au inayocheza ukiitikisa, ibadilishe. Linganisha namba ya modeli, volti (nyingi ni 5) na idadi ya pini.

Hitisinki, yaani bamba, bomba na mapezi kwa pamoja, ina namba karibu na skrubu zake. Legeza kwa kurudi nyuma kutoka namba kubwa, nusu mzunguko kila moja, na ukirudisha fuata namba kuanzia 1. Ikigoma kutoka, usiichokonoe. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma, na pembe ya silikoni (chipu ya prosesa yenyewe) ikivunjika hakuna ukarabati. Izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie.

Safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pesti kiasi cha punje ya mchele hutosha, lakini itandaze ifunike silikoni yote, kwa sababu hapa hakuna kifuniko cha kusambaza joto la sehemu iliyoachwa wazi. Pesti nyepesi husukumwa nje taratibu kila mashine inapopata joto na kupoa, ndiyo maana matokeo mazuri ya wiki ya kwanza hupotea baada ya miezi. Chagua nzito, au karatasi inayolainika kwa joto kama PTM7950 ya Honeywell, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 45 na huhitaji kuchemka na kupoa mara kadhaa kabla ya kutulia. Metali ya maji, ambayo hupakwa badala ya pesti, waachie wazoefu: inapitisha umeme, na galiamu yake hula alumini.

Pedi, vipande laini vinavyopitisha joto la chipu nyingine hadi kwenye bamba, ndizo huwaponza wengi. Mtu huondoa pedi ya milimita 1, anaweka ya 1.5 akidhani nene ni bora, na bamba lote linanyanyuka juu ya prosesa. Mashine inarudi ikiwa na joto kuliko ilivyokuja! Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye ukingo ambao haukubanwa, maana katikati pedi imeshaminywa. Kisha funga, fungua tena, utazame alama. Pesti iwe imetandaa sawasawa, na kila chipu iwe imeacha chapa kwenye pedi yake. Ukishathibitisha, safisha na upake upya.

Ukitaka kuboresha kweli, tafuta hitisinki kubwa ya modeli hiyohiyo. ThinkPad T430, kwa mfano, iliuzwa ikiwa na kadi ya picha ya NVIDIA au bila, na ile yenye kadi ilihitaji hitisinki kubwa zaidi. Kabla ya kununua, linganisha matundu ya skrubu, plagi ya feni na nafasi chini ya kava. Bomba la joto usilikunje kabisa. Ndani lina kimiminika kidogo na utambi, na likibonyea ni shaba tu.

Rudia jaribio lilelile la dakika 15. Kiini kimoja cha prosesa kikizidi vingine kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi, shuku bamba limekaa upande: fungua, paka upya, kaza kwa kufuata namba. Na kama feni haizunguki kabisa, angalia plagi yake kabla ya kulaumu kitu kingine.