Mkuu, hiyo geji 20 "ya vijana" usimpe mtoto wa miaka 8

Acha kwanza. Kama hujalipa, usilipe.

Umeandika kwamba uko Minnesota, kijana ana miaka 8 na kilo 25, unataka kumfundisha shabaha ili siku moja uende naye kuwinda. Muuzaji amekuonyesha shotigani ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12), ya risasi moja moja, imeandikwa ni ya vijana, akakwambia "atakua nayo". Umeuliza mambo manne: aanze na umri gani, bunduki ipi, darasa wapi, na leseni ya kuwinda. Leo najibu umri na bunduki, darasa na leseni naviacha kwanza. Hilo la geji 20 ndilo limenipandisha presha, kwa hiyo tuanze nalo.

Neno "ya vijana" kwenye bunduki hiyo maana yake kitako kimefupishwa na mtutu umepunguzwa. Basi. Risasi inayoingia ndani ni ile ile ya mtu mzima: gramu 25 hivi za gololi, zinatoka kwa kasi ya futi 1,200 kwa sekunde. Nguvu inayozisukuma mbele ndiyo inayokirudisha chuma nyuma, na chuma kikiwa chepesi kinarudi kwa kasi zaidi. Hiyo unayoitaka ina pauni 5, labda 5 na nusu. Geji 12 ya mtu mzima inayojipakia kwa gesi inafika pauni 7 hadi 8, na sehemu ya teke, yaani huko kurudi nyuma, inamezwa na mtambo wenyewe. Kwa hiyo ukipiga risasi nyepesi ya geji 12 kwenye lile dude zito, halafu ukapiga ya geji 20 kwenye hicho kijibunduki, kidogo ndicho kitakachokuumiza. Wewe, na kitambi chako. Sasa fikiria kilo 25.

Watu wanahesabu hivi: geji ndogo, bunduki ndogo, teke dogo. Mimi pia nilihesabu hivyo, shule nilienda lakini siku hiyo haikusaidia. Nilinunua hiyo hiyo. Risasi tatu, tukafungasha vitu. Bega la mwanangu lilipona kwa wiki moja. Tabia ya kufumba macho na kujikunja kabla ya kufyatua ilichukua miezi 8 kutoka, na hapo tumeshahamia .22, bunduki ya risasi ndogo kabisa, ambayo haina teke la kusema.

Muuzaji wangu alikuwa mzee mwenye mvi, ndevu mpaka kifuani. Kwetu mwenye mvi unamwamini, kumbe mwenzetu alikuwa anamalizia stoku. Hakumpima mtoto mkono, hakuuliza ana kilo ngapi. Aliuliza ninalipa kwa kadi au taslimu. Na hao wa video za mtandaoni wanaompa mtoto bunduki kubwa, inamrusha chini, ukoo mzima unacheka, hao sitawaandikia hapa kwa sababu moderata atanifungia.

Utaambiwa pia "kata kitako". Fundi anaweza kukata ndiyo, akatoa inchi mbili za mbao. Lakini mbao ulizokata ni uzito uliouondoa, kwa hiyo bunduki imezidi kuwa nyepesi na teke limezidi. Tena umeuondoa nyuma, kwa hiyo mbele sasa ndiko kuzito, na mkono wa mtoto ulio mbele ndio unaochoka kwanza. Wengine watakwambia chukua .410, shotigani nyembamba kuliko hata geji 20. Teke lake ni dogo kweli, ila gololi ni chache mno, atakosa visahani vya udongo mchana kutwa na kukuomba simu yako achezee gemu.

Sasa sikiliza kwa nini hili si suala la bega tu. Bunduki ikimzidi mtoto anafanya mambo matatu, na utayaona yote ndani ya dakika moja. Anaegemea nyuma kiunoni ili apate kuubeba uzito. Kitako kinahama kutoka kwenye shimo la bega kwenda kwenye msuli wa mkono, wakati mwingine anakibana kwapani kabisa. Na shavu linainuka kutoka kwenye mbao ili lisigongwe. Akishafyatua akiwa hivyo, mdomo wa bunduki unapanda juu na hana nguvu ya kuuzuia. Halafu linakuja la nne, ambalo ndilo linaua: anageuka. Mtoto akiumia anamtafuta mzazi, na mzazi yuko nyuma yake. Anageuka mwili mzima, "Baba imeniuma", na mdomo wa bunduki unafuata macho yake. Na kidole kiko wapi wakati huo? Bado kiko kwenye triga, maana akishtuka anakunja ngumi.

Bunduki ya risasi moja ikishalia haina kitu ndani, hapo umeponea. Ukimpa inayojipakia yenyewe, ya pili ishaingia chembani, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kulia. Agosti 2014 kule Arizona binti wa miaka 9 alipewa bunduki aina ya Uzi, inayoweza kupiga mfululizo, kwenye uwanja wa shabaha wa watalii. Alipiga risasi moja, ikaenda vizuri. Mwalimu akaiweka kwenye mfululizo, ikamzidi nguvu, ikapanda, mwalimu akapigwa kichwani akafa. Mtu mzima, mzoefu, amesimama pembeni yake pale pale. Binti hakuvunja kanuni yoyote aliyofundishwa. Ilikuwa kubwa kuliko yeye, basi.

Ndiyo maana mimi umri siuulizi tena. Ninachouliza ni: anaweza kuishika mpaka thelathini?

Inapimwa hivi. Boliti (komeo linalofunga chemba) wazi, magazini (kisanduku cha risasi) nje, na risasi zisiwemo kabisa kwenye chumba mnachopimia. Angalia chembani kwa macho, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, maana macho hudanganya penye kiza. Mpe mtoto. Kwanza kitako kikae kwenye kiwiko kilichokunjwa: kidole cha shahada kifike kwenye triga kikiwa bado kimekunjika kidogo. Kama anainyoosha ncha ya kidole ili afike, kitako ni kirefu. Bunduki za watu wazima zina inchi 13 na nusu hadi 14 na kitu kutoka triga hadi mwisho wa kitako, na mtoto wa miaka 8 kwa kawaida anataka 11 na ushee hadi 12. Kisha aiweke begani akiwa amesimama, alenge alama ukutani, mhesabie moja mpaka thelathini kwa sauti ya kawaida. Mdomo ukianza kuchora duara au kushuka kabla ya thelathini, au akianza kuegemea nyuma, haijafika siku yake. Rudi baada ya miezi mitatu. Usimpe "mara moja tu aonje". Hiyo mara moja ndiyo iliyonigharimu miezi 8.

Utakayokuta inapita mtihani huo ni .22 ndogo ya boliti, ya risasi moja moja. Ziko Crickett na Savage Rascal, zote hazifiki pauni 3. Crickett ina kitasa cha nyuma ambacho lazima ukivute kwa mkono kila mara kabla haijaweza kulia. Watu wanakilalamikia kuwa ni kigumu kwa vidole vya mtoto. Kwangu huo ndio uzuri wake: hatua nzima ambayo haiwezi kutokea kwa bahati mbaya. Rascal inajikoki unapoinua boliti, na triga yake ni laini. Chagua mwenyewe, ila shikilia risasi moja moja. Mwaka wa kwanza risasi zinakaa mfukoni mwako, unampa moja, anapiga, boliti inafunguka, unampa nyingine. Ukiona inachosha, hesabu ni mara ngapi atageuka kukuuliza kama amelenga vizuri.

Kama hata hiyo hawezi, kuna bunduki ya upepo. Red Ryder inatoa kigololi cha chuma kwa futi 350 hivi kwa sekunde na haina teke. Usiidharau: kigololi cha chuma kikigonga kitu kigumu kinarudi kilikotoka, kwa hiyo miwani kwa wote, hata mama aliyekuja kutazama tu, na shabaha iwe ya karatasi juu ya boksi lililojazwa magazeti, si kopo la soda juu ya jiwe.

Siku ya kwanza na .22 usimsimamishe. Akae kwenye benchi, miguu ifike chini (haifiki? weka boksi), bunduki ilale juu ya mfuko wa mchanga. Mfuko unabeba uzito na pia unamzuia kugeuka. Wewe kaa upande wa mkono wake wa triga, nyuma kidogo, mkono wako uwe karibu na bunduki kiasi cha kuishika kabla hajamaliza kusema "Baba". Mfundishe neno moja kabla ya risasi yoyote: ukisema SIMAMA, kidole kinatoka, kinalala kando ya mbao, na macho yanabaki mbele. Mazoezi ya hilo yafanyike mara kumi na bunduki tupu. Anaongea na wewe akiwa anatazama mbele. Hili ndilo gumu kwake, si kulenga. Nyumbani tumewafundisha wamtazame mkubwa anayesema nao, na hapo kwenye benchi tunawaambia wasitutazame. Mweleze wazi kwamba pale si utovu wa adabu.

Mita 10 zinatosha. Maputo ni bora kuliko karatasi, maana anapata jibu hapo hapo. Risasi 20, dakika 20, mwisho, hata akilia anataka zaidi. Hasa akilia anataka zaidi. Ikigoma kulia, mdomo ubaki kwenye shabaha, hesabu tena thelathini kabla ya kufungua boliti, maana baruti ya .22 wakati mwingine huchelewa. Ikilia kama kikohozi, usipakie nyingine kabla hujatoa boliti na kutazama ndani ya mtutu kutokea nyuma: risasi inaweza kuwa imekwama humo.

Kwa ambao tayari wameharibu kama mimi. Dawa ya kufumba macho ni risasi ya uongo. Kwa .22, vile vijiplastiki vya njano vya kuwekea skrubu ukutani, namba 4, vinaingia chembani vizuri na vinaikinga chemba isigongwe. Unapakia wewe, mtoto asione, saba za uongo kwa tatu za kweli. Kwenye ya uongo usitazame shabaha, tazama mdomo wa bunduki. Ukichovya chini wakati hakuna kilicholia, hapo ndipo woga ulipo, na yeye mwenyewe atauona, wala huhitaji kumgombeza. Atacheka. Akishaanza kujicheka mko njiani kupona.

Masikio: .22 inaonekana kama kofi dogo kwa mtu mzoefu, bado inaharibu. Vikinga masikio vya saizi ya mtoto, vile vya mtu mzima vinaacha upenyo kwenye taya. Risasi ni ya madini yenye sumu, kwa hiyo hakuna mandazi wala chipsi pale uwanjani, na mkimaliza ni kunawa kwa sabuni na maji ya baridi, na nguo kwenye mashine.

Nyumbani, hiyo bunduki si "ya mtoto" hata kama ina rangi ya waridi. Ni yako, sefuni, risasi kwenye kufuli jingine, ufunguo haukai kwenye droo ya sukari. Mwaka 2013 huko Kentucky mtoto wa miaka 5 alimpiga dada yake wa miaka 2 akafa, kwa bunduki ndogo ya watoto iliyowekwa kona ya nyumba. Wazazi walidhani haina kitu. Minnesota, kuacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia ni kosa la jinai, tusisingizie ugeni.

Na kama bado uko kwa viza ya masomo au ya kazi, usiguse kitu mpaka uongee na mwanasheria. Sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza za muda kumiliki hata hizo risasi zenyewe, isipokuwa kwa njia chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda.

Halafu kuhusu dukani. Ukishatoka nayo mlangoni, maduka mengi hayairudishi, yanainunua tena kwa bei ya mtumba. Kubali hasara hiyo, jaza fomu, chukua .22. Yangu mimi waliitolea bei ya kunitukana nikarudi nayo, iko sefuni mpaka leo. Imepigwa risasi tatu tu tangu itoke kiwandani.