Kabla ya Kuuliza Sukari Iko Ngapi: Kwa Wanaoanza Kunasihi Watu Wenye Kisukari

Wenzangu mnaoanza kazi hii, ningependa kwanza mzoee kuliahirisha swali la sukari iko ngapi. Mwenye kisukari huulizwa hilo kila aendako, naye hulipokea kama mshtakiwa anayetakiwa ajitetee. Muulizeni ni jambo gani kuhusu kisukari limemlemea zaidi tangu mlipoonana, kisha nyamazeni, hata kimya kikiwa kirefu.

Nililijua hilo baada ya kukosea. Bwana mmoja aliniletea daftari lake la vipimo, nami nikamsifu, kwa kuwa kurasa zilijaa namba nzuri, 6.1, 6.4, 5.9 (mmol/L), asubuhi na jioni, bila siku hata moja kurukwa. Sikutilia maanani kwamba mwezi mzima uliandikwa kwa kalamu ileile, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyeketi mara moja akamaliza. Majibu ya HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, yalipotoka asilimia 10.4, juu mno kuliko daftari lilivyoonyesha, alinieleza kwa sauti ya chini kwamba aliacha kujipima tangu siku alipogombezwa kliniki kwa kukutwa na 17. Alikuwa amechoka kuaibishwa, na sifa zangu zilimzidishia ugumu wa kusema kweli.

Uchovu wa namna hiyo unaweza kupimwa. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walichapisha PAID, dodoso la kupima dhiki ya kuishi na kisukari; toleo linalotumika sana sasa lina vipengele 20 na alama kuanzia 0 hadi 100, ambapo 40 au zaidi huashiria dhiki kubwa. Ni dhiki inayozaliwa na kisukari chenyewe: kuhesabu kila tonge, kuogopa upofu na kukatwa mguu, kuchungwa sahani na jamaa, kutimiza yote yaliyoagizwa na bado sukari ikapanda. Tusiichanganye na sonona, ambayo hugubika maisha yote, ingawa mtu mmoja anaweza kupatwa na vyote viwili.

Hofu ya sukari kushuka inahitaji subira ya pekee. Mtu aliyewahi kuzinduka usiku ameloa jasho, mikono ikitetemeka, akipapasa gizani kutafuta kitu kitamu, anaweza kuamua kuiacha sukari yake juu kwa makusudi ili apate kulala. Ukimhimiza tu afuate dozi, unamsogeza kwenye kile kile anachokiogopa. Mwacheni ausimulie usiku ule hadi mwisho, kisha mpelekeni kwa daktari wake kwa habari ya dozi, maana kubadili insulini si kazi yetu.

Chungeni pia maneno. Mimi nimeacha kabisa kusema fulani "ameshindwa kudhibiti" sukari, kwa sababu sukari hupandishwa hata na homa, na hata na adrenalini na kotisoli, homoni ambazo mwili wenye wasiwasi huzitoa wenyewe.

Na mtu akisema amechoka kuishi, msidhani ni lugha tu ya uchovu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, hasa anayetumia insulini, kwa kuwa dawa inayomweka hai inaweza pia kumdhuru. Akikiri, msimwache peke yake hata kwa dakika chache. Aonwe na daktari siku hiyohiyo.