Rungwe huandaa miguu, si kichwa

Mmeuliza wiki hii: marafiki wa huku Mbeya wanaotaka kwenda kuiona barafu ya Kilimanjaro wajiandae vipi?

Milima ya Rungwe na Loleza waipande, ila wajue hesabu yake. Kilele cha Rungwe ni mita 2,960 hivi. Kwa njia ya Marangu, kituo cha Mandara, wanapolala usiku wa kwanza tu, kiko mita 2,720. Milima yetu hukomaza magoti na kufichua kiatu kinachobana vidole wakati wa kushuka. Hewa nyepesi mwili hauizoei huku.

Kwa hiyo hela ya ziada isiishie kwenye jaketi la bei mbaya. Walipie siku moja zaidi kwenye kituo kinachofuata, Horombo, mita 3,720. Kutoka hapo hadi kituo cha Kibo ni kama mita 1,000 kwa mkupuo, ilhali ukishavuka mita 3,000 hushauriwa usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Siku hiyo si ya kujifunika blanketi: wapande hadi miamba ya Zebra Rocks, wakae kidogo, warudi kulala Horombo.

Kwenye kundi la marafiki kinachoponza ni aibu. Mtu kichwa kinamgonga, chakula kinamchefua, ananyamaza asiitwe legelege. Wakubaliane wakiwa bado nyumbani: kila jioni kila mmoja aseme hali yake mbele ya mwongozaji, na mwenye dalili hizo hapandi hadi ziishe. Wakimtilia mtu shaka, atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akihema kwa shida hata akiwa ameketi, ashushwe papo hapo, hata usiku wa manane. Kungoja kukuche ndiko kunakoua. Atakayeshuka naye apangwe mapema, maana hapo kila mtu hukumbuka nauli aliyolipa.

Usiku wa kilele huondoka Kibo kwenye saa sita, kwa sababu kokoto za kupandia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta (mita 5,681), zinakuwa zimeganda na kushikana. Jua likizilegeza, mguu unazama na kurudi nyuma. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini ndani ya soksi nene: maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo hauzibi. Mrija wa mfuko wa maji huganda mapema, usitegemewe. Betri za tochi zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Jinzi zibaki nyumbani. Sweta za sufu za mitumba ya Mwanjelwa zinafaa kabisa.

Kamba na vyuma vya kufunga kwenye viatu, kwa kawaida njia hii haivihitaji. Kutoka Gilman's kwenda kilele cha Uhuru (mita 5,895) unafuata ukingo wa kreta, na mabaki ya barafu yako kushoto. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwepo 1912 imekwisha. Miwani ya jua ivaliwe mara tu kunapokucha. Weupe ule huunguza macho kimyakimya, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, mtu akiwa njiani kurudi Horombo.