Barua kwa mwanangu: anza kuhesabu tangu siku mama alipoingiwa na wasiwasi

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu, na nyanyako anakusalimu sana. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mchana, nikairudia baada ya Isha nyumba ilipotulia. Unasema daktari wa watoto aliyekubali kukuongoza katika utafiti wako wa chuo amelikataa swali ulilompelekea. Wewe ulitaka kuandika juu ya chanzo cha usonji, huo wanaouita autism kwa Kiingereza. Yeye anataka uchunguze kwa nini watoto wenye usonji huku pwani hufikishwa kliniki wamechelewa, wengi wakiwa wamefika umri wa kuanza shule. Unaniuliza mimi, kwa kuwa miaka yangu ya uuguzi niliimaliza kliniki ya mama na mtoto, kama hilo si swali dogo ulilopewa ili usimsumbue mtu.

Si dogo. Lichukue. Ila usilichukue kama alivyolitamka, na huko nitafika.

Kwanza tumalizane na chanzo. Kazi hiyo inafanywa na watu wenye maabara na maelfu ya familia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, wakaonyesha kwamba urithi una nguvu kubwa katika jambo hili. Mwaka 2019 utafiti uliokusanya takwimu za nchi tano ulikadiria sehemu ya vinasaba kuwa kama asilimia 80. Wewe na daftari lako, katika muda mliopewa, hamna la kuongeza hapo, na sisemi hivyo kukuvunja moyo.

Lipo jambo jingine linalonitia uchungu zaidi. Kila watu walipokimbilia chanzo kabla ya kumsikiliza mzazi, mzazi ndiye aliyeumia. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika mwaka 1964 kwamba hali hii ni ya kimaumbile. Hata hivyo mwaka 1967 Bruno Bettelheim kule Chicago akaendelea kuwaaminisha watu kwamba ni ubaridi wa mama unaomfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake. Wanawake wangapi walibebeshwa mzigo huo! Halafu mwaka 1998 Andrew Wakefield akachapisha habari za watoto 12 katika jarida la tiba la Lancet na kuzua hofu ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, eti huleta usonji. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, naye akaondolewa katika sajili ya madaktari wa Uingereza. Hofu yenyewe haikufutika, na hata hapa Malindi imefika.

Kwetu lawama ina majina yake: kijicho, jini, laana, mama aliyevunja mwiko akiwa mjamzito. Tafuta utafiti wa Joseph Gona na wenzake uliochapishwa mwaka 2015. Walizungumza na wazazi na wataalamu wa Mombasa na Kilifi, wakasikia habari za mashetani na uchawi zikitajwa pamoja na urithi, maradhi na matatizo ya uzazi, mara nyingine ndani ya nyumba moja. Tiba nazo ni hivyo hivyo: mganga, dua, hospitali. Usome kwa makini, maana hao ndio watu utakaokaa nao. Akikwambia mama kwamba mtoto alinyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, liandike bila kukunja uso. Alikuwa anahangaikia mwanawe, na kila mahali alipopita ni sehemu ya jibu unalolitafuta.

Sasa swali la daktari wako. «Kwa nini wazazi huchelewa?» Mimi ningelikataa neno «wazazi» hapo. Katika miaka yangu mama aliyekuwa hajaona kitu alikuwa nadra. Niliowaona walikuwa wameona mapema sana: mtoto haitiki jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hakuletei kijiti alichookota ili mfurahi pamoja, au alikuwa na maneno yake matatu manne kisha yakapotea. Walisema. Walimwambia mama mkwe, wakaambiwa hata babake alichelewa kusema. Wakaenda zahanati, wakaambiwa wavulana ndivyo walivyo, atakua tu. Wengine waliambiwa Kigiriama cha nyumbani na Kiswahili cha mtaani vinamchanganya mtoto, na hilo halina ushahidi, kwani kukulia katika lugha mbili hakuleti usonji. Mama anarudi nyumbani na jibu hilo, miaka miwili inapita. Siku anapofika kwa bingwa faili linafunguliwa, na ndani yake panaandikwa kwamba amechelewa.

Basi katika utafiti wako weka tarehe mbili: ya siku mama alipoingiwa na wasiwasi, na ya siku faili lilipofunguliwa. Kilichotokea kati yake ndicho unachokwenda kukisikiliza. Alimwambia nani kwanza? Akajibiwa nini, kwa maneno yale yale? Akaenda wapi tena? Nani alimshika mkono hatimaye? Mara nyingi utakuta ni mwalimu wa chekechea, au mama mwenzake mwenye mtoto kama huyo.

Usimwulize mama, «Mtoto alikuwa na miezi mingapi?» Atakutajia namba yoyote ili akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada yake, maembe yalikuwa yameiva, ilikuwa kaskazi au kusi, mdogo wake alikuwa amezaliwa? Kisha keti na kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, utazame tarehe za chanjo, mtapata mwezi wenyewe. Kitabu hicho hicho kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Angalia kama umejazwa. Hapo tu una sura nzima ya utafiti wako, na hakuna atakayekudai shilingi.

Itazame sana ziara ya miezi 18. Kwetu Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Dodoso linalotumika nchi nyingi kuchuja dalili za usonji, lile la maswali 20, limetungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri kila mtoto achunguzwe akiwa na miezi 18 na 24. Kwa hiyo mtoto aliyeletwa kuchanjwa mara ya pili ameketi mbele ya muuguzi katika umri unaofaa kabisa. Lakini wengi hawaletwi tena baada ya ile ya miezi 9. Na ni katika umri huo huo ambapo dalili huanza kuwa wazi, na baadhi ya watoto hupoteza maneno waliyokuwa nayo. Ndiyo maana mzazi huifunga sindano na hali ya mwanawe katika fundo moja, akamwambia jirani, na jirani akabaki nyumbani na wake. Uliza hili kwa upole: mtoto aliletwa miezi 18? Kama aliletwa, kuna mtu aliyeuliza chochote zaidi ya uzito?

Dodoso hilo ni la kuchuja tu, halithibitishi usonji, na mwanafunzi asijaribiwe kumtangazia mama matokeo. Tena lilitungwa mbali. Palipo na habari za kumtazama mtu machoni, wazee wetu watakwambia mtoto mwenye adabu hamkazii macho mkubwa. Ni kweli, ila mtoto wa mwaka na nusu hajafundishwa adabu hiyo bado. Tafsiri isifanywe na mtu mmoja mezani, ijaribiwe kwa akina mama wenyewe.

Jambo la degedege usilipite. Wazazi wengi watakuambia mtoto alikuwa mzima, akashikwa na homa kali na degedege, wengine wataita nyuni, na alipopona hakuwa yule tena. Kijana aliyesoma huwa na haraka ya kutikisa kichwa. Usitikise. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. 14 walitimiza vigezo vya usonji, na kati ya hao watatu walikuwa wamekua kawaida hadi walipougua malaria kali. Ni watoto wachache na haithibitishi kwamba malaria ndiyo chanzo cha usonji kwetu, lakini yatosha kukuonyesha kwamba maneno ya mama ni ushahidi wa kuandikwa.

Usione aibu ukipata familia kumi na tano tu. Makala ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943, iliyoupa usonji nafasi yake katika tiba, ilihusu watoto 11. Wa kwanza wao alikuwa Donald Triplett wa Forest, Mississippi, na habari zake zilimfikia daktari kwa barua ya kurasa 33 ambayo babake aliitunga mwaka 1938, akieleza mwanawe anavyokula, anavyosema, anavyozungusha vitu. Kanner alitumia maelezo ya baba huyo katika makala yake. Donald aliishi hadi mwaka 2023, akafanya kazi benki kwa miaka mingi na kucheza gofu mjini kwao. Nakusimulia ili ujue kwamba elimu yote hii ilianza mzazi aliposema kwa urefu na daktari akakubali kusoma mpaka mwisho.

Kuhusu daktari wako: umebahatika, usimfanye mtu wa kutia saini tu. Kabla hujaandika swali hata moja, mwombe ukae pembeni kliniki yake siku kadhaa, kimya. Tazama anavyoshuka sakafuni kwa mtoto kabla ya kusema na mkubwa. Tazama kama anapima masikio kwanza, maana mtoto asiyesema lazima ijulikane kama anasikia. Sikiliza anavyompa mama habari: anasema mangapi ndipo anyamaze? Anamwachia nafasi ya kulia? Anamwambia wapi pa kwenda kesho asubuhi, au anamwachia jina la ugonjwa peke yake? Maswali yako muulize baada ya kliniki, si mbele ya mgonjwa. Na pale usipokubaliana naye, kama juu ya neno «wazazi», mpelekee kwa maandishi yenye sababu. Daktari anayependa kufundisha atafurahi.

Uliza pia gharama, lakini si nauli peke yake. Mama mmoja alinieleza safari ya kwenda hospitali kubwa na mtoto asiyestahimili makelele, ndani ya matatu yenye muziki wa kupasua masikio, abiria wakimwambia amchape anyamaze. Alishuka njiani, akarudi kwa miguu, na miadi hiyo ikapita. Katika faili iliandikwa kwamba hakufika. Uliza pia walielekezwa wapi baada ya jina kupatikana. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu chini ya wizara ya elimu vipo tangu mwaka 1984, na shule ya City Primary ya Nairobi ina kitengo cha usonji tangu 2003, lakini mama wa huku kwetu Kilifi, wa Ganze au Magarini, anajua kilicho karibu naye?

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, vianze sasa, huchukua muda kuliko mnavyofikiri nyinyi vijana. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha kueleweka, na asomewe asiyejua kusoma. Majina ya watoto yasiingie katika simu yako.

Hapo ndipo nina neno zito. Unasema utafungua utafiti wako kwa habari za mtoto wa mjomba wako. Usifanye hivyo kabla hujamwuliza yeye mwenyewe. Si mtoto tena, ni kijana wa miaka 19, na ingawa hasemi sana kwa mdomo, anaandika ujumbe wa simu vizuri kuliko wengi. Mjomba wako atakukubalia upesi kwa mapenzi, na ridhaa ya mjomba haitoshi. Mwandikie kijana, umweleze unataka kusema nini juu yake na nani atakisoma, umpe siku za kufikiri. Akikataa, acha, wala usimzunguke kwa kubadilisha jina, kwa kuwa ukoo wote utamjua. Akikubali, mwulize angependa watu wajue nini. Huenda akakufunza jambo ambalo mimi na daktari wako hatukuliwaza.

Maswali yako ukishayaandika nitumie. Nimeshamwambia mwenzangu niliyefanya naye kazi, Kigiriama ni lugha ya mamake, na amekubali tukae tuyapitie moja moja ili tuone mama wa kijijini atayasikiaje. Yatume kabla ya wiki ijayo kwisha, anasafiri kwenda Lamu kwa mwanawe na atakaa huko mpaka baada ya Idi.

Mamako