Unapomshikia mwenzako vipindi, ulizia zamu na maandalio mapema

Mwalimu wa muda huitwa kufundisha, lakini wiki ya pili haijaisha jina lake limeshaingia kwenye orodha ya zamu, usiku anasimamia maandalio, yaani wanafunzi wanapojisomea darasani, na alfajiri yumo kwenye basi la shule akikusanya watoto. Malipo ya hayo yote hayajatajwa. Ameambiwa tu, "Tusaidiane, mwalimu." Nimeshikilia nafasi za walimu walio likizo ya uzazi kwenye shule binafsi za bweni hapa Tanzania Bara, na haya nawaandikia wenzangu wanaopigiwa simu muhula ukiwa umeshaanza.

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Kwa kuwa muda ni mfupi, uongozi huona hakuna haja ya kumwandikia mkataba mtu wa kupita, na wewe unaona haya kuuomba. Uombe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako ni ipi, saa zako ni ngapi na malipo yako ni kiasi gani. Mkifikishana mbele ya sheria na hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye.

Swali lililonisaidia kuliko yote huwa namuuliza mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na ratiba, siku ya kwanza, ratiba ikiwa mezani: "Mwalimu ninayemshikia alikuwa na kazi gani nje ya vipindi, na alilipwaje kwa hizo?" Kuna shule nilipouliza hivyo, ikaonekana mwenzangu alikuwa na posho ya usimamizi wa bweni. Bweni nilikuwa nimeshakabidhiwa, posho haikuwa imetajwa. Mkuu wa shule hakubishana, tangu mwezi ule nikalipwa. Naamini hakukuwa na hila. Kazi ilihamishwa na hela ikasahaulika, na kama nisingeuliza ingebaki imesahaulika hadi mwisho.

Si kila kitu ni cha kudai, nalo tuliseme wazi. Andalio la somo, kusahihisha madaftari na mitihani ya masomo yako, kujaza alama, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ila kama unalipwa kwa kipindi, hakikisha muda wa kusahihisha umehesabiwa kwenye bei ya kipindi kabla hujaikubali.

Kinachozidi hapo kina hesabu yake. Saa za kawaida za kazi hazitakiwi kupita 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na kama mlikubaliana pungufu, basi ni hizo pungufu. Zinazozidi ni za makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu. Chukua mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi, ukifanya kazi saa 45 kwa wiki: ni kama 2,000 kwa saa, kwa hiyo saa ya ziada ni 3,000. Maandalio ya saa mbili, siku tatu kwa wiki, yakiwa nje ya saa zako, yanafika 18,000 kila wiki. Yakipita saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Ukiitwa siku yako ya mapumziko, saa hulipwa mara mbili.

Namna ya kusema ina uzito wake. Mimi huandika ujumbe mfupi siku ileile: "Shikamoo mkuu. Nimeona nimepangwa maandalio ya Jumatatu na Jumatano. Niko tayari. Naomba kujua malipo yatakuwaje, au kama nitapunguziwa vipindi vya asubuhi." Mara nyingi shule haina fedha lakini ina ratiba, na kupunguziwa vipindi ni njia nzuri ya kufidiana ukikubali kwa hiari yako. Wakikujibu kwa mdomo, warudishie kwa ujumbe mlichokubaliana.

Kuna ahadi moja inayowaumiza vijana wengi: "Nafasi ikitokea tutakufikiria." Nimeona walimu wakifanya zamu mfululizo kwa ajili ya maneno hayo, kisha nafasi ikatangazwa na wakatakiwa kuomba kama watu wa nje. Fanya kazi vizuri kwa ajili ya watoto. Nafasi iombe kwa barua, na usiku wako usiutoe kama ada ya maombi.

Weka daftari dogo: tarehe, kazi, saa ya kuanza na kumaliza, aliyekuagiza. "Jumatano, maandalio kidato cha pili, saa 1:30 hadi 3:30 usiku, mtaaluma." Uongozi ukikataa kabisa kulipa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1, nakala ukiwa umempa mwajiri. Kwa madai ya aina hii una siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, hivyo usingoje mwenye nafasi arudi kutoka likizo.