Maswali ya Wasomaji: Rimu hazichaguliwi kwa macho

SWALI: Nina Toyota 86 ya mwaka 2013, gia ya mkono, na bado inatembelea ukubwa wa kiwandani, 215/45R17. Nataka ishike zaidi kwenye kona na ichomoke vizuri. Fundi wangu anasema nipande rimu za inchi 18 na nifunge 225/40R18. Rafiki yangu anasema nibaki na 17 ila nifunge 245/40R17. Nimsikilize nani? – Msomaji, Arusha

JIBU: Rafiki yako amekaribia zaidi, ila amesahau rimu.

Tuanze na gari lenyewe. Lina uzito wa kama kilo 1,240, injini ya lita 2 isiyo na turbo, nguvu za farasi 200 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 205. Gari la namna hii halina nguvu za kuchezea. Kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu utaisikia, na kila milimita ya kipenyo pia. Toyota waliliacha na matairi membamba kwa makusudi, ukubwa uleule unaoukuta kwenye Prius zenye rimu za 17, ili mkia uchezeke bila kulazimika kwenda kasi sana.

Sasa hesabu. Kwenye 215/45R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu ni 215 × 0.45, karibu mm 97. Zidisha mara mbili, ongeza 17 × 25.4, unapata kipenyo cha mm 625. Tairi la fundi wako kwa hesabu hiyohiyo linatoka mm 637, ongezeko la asilimia 1.9. Litaingia bila kugusa fenda, na kosa la spidomita ni dogo. Tatizo ni kwamba umerefusha gia zote sita kwa asilimia 1.9, yaani kila mzunguko wa injini unalazimika kusukuma gari mbali zaidi, kwenye injini ambayo tayari inazubaa ikifika karibu mizunguko 4,000 kwa dakika. Wewe ulitaka ichomoke! Halafu kuna uzito: rimu za 18 za bei ya chini nyingine hufika kilo 11 na kupita, na uzito huo umekaa pembeni kabisa mwa gurudumu, mahali ambapo injini inahangaika zaidi kuuzungusha na breki kuusimamisha. Ubavu nao umeshuka hadi mm 90. Kwa barabara yenye mashimo na matuta, milimita hizo 7 ndizo zinazoamua kama rimu itapinda au itapona.

245/40R17 lina kipenyo cha mm 628 na ubavu wa mm 98. Yaani gia zinabaki zilivyo, kinga ya rimu inabaki ilivyo, na upana umeongezeka mm 30. Ila rimu yako ya kiwandani ina upana wa inchi 7, na tairi hilo linataka rimu ya kuanzia inchi 8 hadi 9.5. Ukilibana kwenye 7, mabavu yanaingia ndani, uso unafura katikati, na ukiingia kona tairi linalala kwanza ndipo lishike. Umelipia upana, lakini mshiko hujaupata.

Rimu inayolifaa ni 17 × 8.5, matundu 5×100 (matundu matano ya boliti kwenye duara la mm 100), ofseti ET45 (umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari). Ya kwako ni 17 × 7, ET48. Upana wa ziada wa inchi 1.5 ni mm 38, na unagawanyika: mm 19 nje, mm 19 ndani. Ofseti imeshuka kwa 3, hivyo rimu yote inasogea nje mm 3. Jumla inatoka nje mm 22 na inaingia ndani mm 16. Hiyo namba ya ndani ndiyo watu husahau. Kabla ya kulipa, funga gurudumu moja la mbele, shusha gari chini, kata usukani mpaka mwisho kila upande, kisha pitisha kidole kati ya tairi na shokapu. Pasipoingia kidole, acha. Kuongeza speza (kipande kinachokaa nyuma ya rimu kuisogeza nje) ili kuponya ndani kutakusukuma ukagombane na fenda.

Hata hivyo, kama gari unaliendesha barabarani tu na hulipeleki kwenye mashindano, usianze na rimu. Nunua matairi manne ya raba nzuri kwa ukubwa uleule wa 215/45R17 kwenye rimu ulizonazo. Raba laini inaongeza mshiko kuliko upana wa raba ngumu, hasa kwenye lami iliyolowa. Angalia ubavuni neno TREADWEAR na namba yake: 400 na kuendelea ni tairi la kudumu, 200 ni la kushika na litaisha mapema. Kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo namba hiyo inafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye mistari mirefu lakini raba iliyokauka linateleza kama kipara. Na usishuke chini ya 87W ya kiwandani: 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa.

SWALI: Subaru Impreza WRX yangu, gia ya mkono, nilifunga matairi mawili mapya mbele. Ya nyuma yamefika nusu lakini yanafaa bado. Sasa nikikata kona kali kwenye maegesho gari linakuwa kama limeshikwa. Ni breki? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kabla ya breki, shuku matairi, na usiendelee kulitembeza hivyo.

Gari lako linavuta magurudumu yote manne, na kati ya mbele na nyuma kuna difu ya kati yenye mafuta mazito ya silikoni. Kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo ya mizunguko, kwa muda mfupi. Tairi jipya lina mistari ya kama mm 8. Likibaki na mm 4, nusu ya kipenyo chake imepungua mm 4, na mzingo umepungua 2 × 3.14 × 4, karibu mm 25. Subaru inataka tofauti isizidi mm 6. Kwa hiyo hata kwenye barabara iliyonyooka, nyuma inazunguka zaidi ya mbele kwa kila mita unayokwenda. Mafuta yale yanapata joto, yanazidi kuwa mazito, mwishowe difu inajifunga. Huko kushikwa unakokusikia ndiyo dalili yake.

Weka upepo sawa kote, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya uso wa kila tairi, andika vipimo. Kisha nunua mawili ya nyuma yanayofanana na ya mbele kwa kampuni na aina, si kwa namba tu, maana 215/45R17 za viwanda viwili hutofautiana milimita kadhaa. Hamisha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ukishafanya hivyo na gari bado linashikwa, difu imeshaumia, na hapo ndipo umwite fundi wa gia boksi.

SWALI: Nimefunga rimu mpya za 5×100 kwenye 86. Zimefanyiwa balansi mara mbili lakini usukani unatetemeka nikifika 100. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pima tundu la kati la rimu. Habu ya gari lako (kitovu ambacho tundu hilo linakaa) ni mm 56.1, na rimu nyingi za dukani zina mm 73.1 ili ziingie magari mengi. Nafasi hiyo ikibaki wazi, rimu inashikiliwa na nati peke yake na inakaa pembeni kidogo. Nunua pete nne za 73.1 kwenda 56.1. (Rimu za Premio, Allion na Wish zina matundu 5×100 pia, lakini tundu la kati ni 54.1 na hazitakaa. Msikubali zichongwe kwa faili.)

Angalia na nati. 86 inatumia uzi wa Subaru, M12×1.25 (boliti ya kipenyo cha mm 12, nafasi ya mm 1.25 kati ya uzi na uzi), wakati Toyota nyingi ni M12×1.5. Ukilazimisha ya pili, uzi wa boliti unakatika. Safisha kutu kwenye uso wa habu, funga nati kwa mkono kwa mpangilio wa nyota gurudumu likiwa hewani, shusha, malizia kwa spana ya torki kwa Nm 120. Rudia kukaza baada ya kilomita 100.